Niliyosema grupuni usiku yamefika kwa dada anayenilisha

Shikamoo Anti. Naomba unisaidie mwanao maana hapa nilipo hata chakula hakipiti, hii barua nimeiandika mara tatu nafuta, leo nimesema naituma ivoivo, kama nimechanganya mambo utanisamehe.

Mi ni kijana wa kiume, miaka 26, nimemaliza chuo 2022, ualimu, masomo yangu Historia na Kiswahili. Wenzangu wa Fizikia na Hisabati angalau wanaitwa itwa, sisi wa Historia tumejaa mtaani. Nimeomba kazi mpaka yule wa stesheneri akiniona tu anajua nimekuja kuskani vyeti. Ajira Portal, ule mtandao wa serikali wa kuomba kazi, nimeomba, usaili nimeitwa mara moja, ule wa kuandika, sikupita. Nikajitolea shule moja miezi saba, nauli natoa mwenyewe, nikashindwa nikaacha. Bodi ya mikopo nao wananikumbusha deni kwa meseji. Sasaivi nakaa kwa dada yangu wa tumbo moja huku Chamazi, mwaka wa pili unaelekea kuisha, sina kazi, sina hela, na nyumbani kwetu Korogwe kila mtu anajua mtoto wa fulani ana digrii yuko Dar.

Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Kimoja chao, kingine shemeji kaweka mzigo wa duka lake la spea za pikipiki, kwaiyo mi ni wa sebuleni, mchana godoro linakaa nyuma ya kochi usiku nalishusha. Sasa huwezi kushusha godoro wakati mwenye nyumba anaangalia mpira, na zile mechi za Ulaya za katikati ya wiki zinaisha karibu saa saba usiku, nakaa pale pembeni nasinzia kama niko stendi. Akizima TV ndio nalala, na hapo usingizi ushakimbia, nanunua bando la usiku naingia grupuni mpaka saa kumi, saa nyingine mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi shemeji akitoka ananiruka pale chini, siku moja nilimsikia anamwambia dada, mtu mzima gani saa mbili asubuhi bado kalala.

Hilo grupu ni la watu tuliosoma wote kidato cha tano na sita, memba 38, ila usiku tunakuwa kama kumi, walewale. Kuna mmoja ni wakala wa miamala, mwingine anaendesha boda boda ya mtu, kuna dada mmoja yuko Muscat anafanya kazi za ndani, wao wako mbele yetu saa moja, anaongea kwa kunong'ona maana bosi wake hataki simu usiku. Kiukweli Anti hao ndo watu wangu. Mchana hakuna anayeniuliza nimeamkaje, usiku wapo kumi wananiuliza.

Sasa Jumanne moja nilikaanga mayai mawili mchana nikala. Dada karudi kazini, kafungua friji, akaniita jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, mayai mbona yamebaki kumi na moja. Nikamwambia nimekula mawili. Akasema sawa, ila kesho usichukue. Iliniuma sana Anti. Mtu una digrii unahesabiwa mayai. Usiku nikaingia grupuni nikatuma voisi nikaeleza hiyo ya mayai na ya sabuni, maana hata sabuni ya kipande ananikatia nusu. Usiku huohuo jamaa mmoja alikuwa anasimulia mwenye nyumba kamfungia mlango kwa kufuli vitu vikiwa ndani, watu wote wako naye, pole kaka pole kaka, mimi wakanijibu neno mojamoja tu. Basi nikarekodi nyingine, dakika nne na kitu. Nikasema dada kabadilika tangu aolewe, anaendeshwa na mume, ni mchoyo, ananilisha chakula cha baridi, yaani kila usiku nakuta sahani mezani imefunikwa na kawa kishapoa, na mwisho huko nikasema kitu kuhusu wao kutopata mtoto, kwamba labda Mungu kaona mwenyewe. Ilinitoka tu. Hapo ndo watu wakaanza kujibu, wengine wakaniita inboksi kunipa moyo. Nikalala.

Jumamosi jioni nipo sebuleni, shemeji bado hajarudi dukani. Dada kaingia, kaweka pochi chini, katoa simu kaiweka juu ya meza kaibonyeza. Nikasikia sauti yangu. Anti, aliiacha mpaka mwisho, dakika zote nne, amesimama. Ilipoisha akasema "nimekusikia" akaingia jikoni kuosha mchele. Nilikimbilia grupuni kufuta nikakuta chaguo la kufuta kwa wote limeshaondoka, siku zimepita. Najua imetoka kwa mtu wa grupuni ambaye nyumbani kwao ni jirani na kwetu Korogwe, sina ushahidi ila najua.

Sasa ni siku ya tisa. Hajanifukuza. Hajanigombeza. Anapika, sahani naikuta mezani na kawa juu kama kawaida. Ila zamani alikuwa ananiita "dogo", sasaivi ananiita jina langu lote la shule. Na sijui kama shemeji kasikia. Kinachoninyima raha zaidi ni kwamba mwaka jana dada aliniomba nimsindikize hospitali mara mbili kwa hayo mambo ya mtoto, akaniambia usimwambie mtu, hata shemeji hajui kama tulienda. Hospitali sikuitaja kwenye voisi, nakuapia.

Nifanyeje? Kuna rafiki ana geto Mbagala Kuu anasema nihamie kwake hata kesho. Wengine wananiambia nimshtaki aliyefowadi, kuna sheria ya mtandao. Meseji ndefu ya kumuomba dada msamaha nimeshaiandika, ipo kwenye simu, sijaituma. Na grupu nimefikiria kulefti kabisa, ila nikilefti nitabaki na nani? Ni yule mtu wa grupu mmoja tu, wakala, ndiye aliyenipigia simu ya kawaida kuniuliza naendeleaje, wengine wote kimya. Naomba usinifokee sana Anti.

Kijana wa Chamazi


Marahaba mwanangu. Sikufokei. Barua yako nimeisoma jana usiku nikairudia leo asubuhi nikiwa na chai, na kabla sijafika kwenye kosa acha niseme hili ulisikie: kuchoka una haki ya kuchoka. Kukaa sebuleni kwa watu karibu miaka miwili, huna mlango wa kufunga, unasubiri mpira uishe ndio ulale, cheti kiko kwenye bahasha na mtaa mzima unajua, hilo linamchosha mtu yeyote, na asikudanganye mtu kwamba kulalamika ni utoto. Wewe kwenda kusema kwa wenzako haikuwa dhambi. Mtu akikosa pa kusemea mchana atasema usiku.

Ila barua yako ina mstari mmoja umeupita mbio. Mayai umeyaeleza vizuri, idadi, friji, sauti, yote. Sabuni umeieleza. Mpira umeueleza mpaka saa unapoisha. Alafu kule mwisho unasema "nikasema kitu kuhusu wao kutopata mtoto", "ilinitoka tu", ukahama. Mwanangu, dada yako alisimama dakika nne kusubiri nini unafikiri? Mayai angeyajibu palepale, angekwambia hela ya mayai inatoka wapi mkagombana mkamaliza. Uchoyo angeujibu. Hilo la mwisho halina jibu, ndiyo maana alisema "nimekusikia" akaenda kuosha mchele. Ulilosema ni kwamba Mungu amemnyima mtoto kwa sababu ya roho yake, na ulilisema kwa sauti yako mwenyewe, sauti anayoijua tangu unajifunza kutamka jina lake. Na wewe ndiye mtu uliyekaa naye kwenye benchi la hospitali mara mbili. Katika dunia nzima alikuchagua wewe, hata mume wake hakumchagua.

Sisemi hivi ili nikuumize. Nasema kwa sababu usipoliangalia hilo utaenda kuomba msamaha wa mayai, na ukiomba msamaha wa mayai utakuwa umemuumiza mara ya pili.

Sasa nikwambie kuhusu hayo mayai, kwa sababu mimi nimewahi kuwa dada wa namna hiyo. Nimekaa na wadogo zangu wawili kwenye nyumba ya mume wangu, Morogoro, miaka mitatu, mume mwema kabisa, lakini kila mwanamke aliyewahi kuleta ndugu zake kwa mume anajua ninachosema. Unahesabu. Unahesabu sukari, unahesabu mkate, unahesabu maji ya kuoga. Na huhesabu kwa uchoyo, unahesabu ili asije akahesabu mwingine. Mayai yakipungua wewe ukajua kwanza, unajua la kusema yakiulizwa, au unaongeza mawili kimyakimya kwa hela yako kabla hayajaulizwa. Angalia ulivyoandika wewe mwenyewe: alikuita jikoni, akakuuliza kwa sauti ya chini. Angetaka kukudhalilisha angeuliza sebuleni mume wake akiwa kakaa kwenye kochi. Alishusha sauti ili kukuficha. Ukaenda kuisema hiyo kwa watu 38.

Na ile sahani. Umeiandika kama shtaka, chakula cha baridi. Mimi niliposoma nikaona mwanamke aliyetoka kazini, kapika, kapakua, kamtoa mdogo wake cha kwake kabla sufuria halijaisha, kakifunika na kawa ili inzi asitue. Kimepoa kwa sababu kilitolewa mapema. Na baada ya kusikia yale maneno, siku tisa sasa, unasema mwenyewe sahani bado unaikuta. Hiyo ndiyo sababu nakwambia mlango haujafungwa.

Kwaiyo Mbagala Kuu usiende, si kwa sasa. Ukihama wiki hii, atakachokumbuka ni kwamba ulimtukana ukaondoka. Utahama, na nitalifikia hilo, ila utatoka kwa kuaga.

Ile meseji ndefu ifute. Najua umeihangaikia, lakini ameshaumizwa kupitia simu, usimrudishie simu tena. Alafu meseji ndefu huwa ina "lakini" nyingi, nina uhakika ya kwako inazo, nilikosea lakini na mimi nilikuwa nimechoka, nilikosea lakini ulinihesabia mayai. Uchovu wako ni wa kweli ila una siku yake. Mtafute siku shemeji yuko dukani, yeye yuko na kazi ya mikono, anafua au anachambua mchele, watu wengi huongea vizuri mikono ikiwa na kazi maana hawalazimiki kukutazama usoni. Kaa chini, mkono wako uingie kwenye hiyo kazi, na useme jambo lenyewe kwa jina lake. Mimi ningesema hivi: "Dada, nilisema Mungu kaona ndio maana hajakupa mtoto. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu. Ni uongo na ni ukatili na wewe hukustahili. Naomba unisamehe." Basi, hapo unyamaze. Akilia, usimkatishe kwa kujieleza. Akinyamaza, endelea kufua. Akikufokea, pokea.

Kisha, siku hiyohiyo, umwambie jambo moja ambalo naamini hana usingizi kwa ajili yake: hospitali hukuitaja. Wewe unajua hukuitaja, yeye alisikia voisi moja, hajui grupuni kulikuwa na nyingine ngapi, hajui inboksi ulimwambia nani nini. Fikiria anavyolala pale pembeni ya mume wake akijiuliza kama siri imetoka. Mwambie waziwazi, "ya hospitali hakuna anayejua, sijamwambia mtu na sitamwambia." Na umuulize kama shemeji amesikia ile voisi, na kama hajasikia yeye anataka iweje. Hilo ni lake kuamua. Usijifanye mwema ukaenda kumwomba shemeji msamaha kwa siri ukajikuta umefungua jambo ambalo mke wake hajalifungua.

Mayai na godoro myaongee siku nyingine, hata wiki mbili mbele. Hapo ndipo una haki zako na uziseme. Mwambie kulala sebuleni kunakumaliza, muulize kama ule mzigo wa spea unaweza kusogezwa upande mmoja wa chumba ukapata nafasi ya godoro, hata kama ni kulala katikati ya matairi na tyubu, angalau una mlango. Mwambie unaweza kuchangia nini, kama si hela basi kazi, kuna duka pale linahitaji mtu wa kuhesabu mzigo na kuandika daftari, na wewe kuandika unajua. Na umpe tarehe. Watu wanaokaa na ndugu hawachoshwi sana na chakula anachokula, wanachoshwa na kutojua mwisho uko wapi. Ukisema "dada, ikifika mwezi wa sita hata kama sijaajiriwa nitahamia kwa rafiki yangu tuchangie kodi," utaona hata shemeji anavyokusalimia kunabadilika.

Kuhusu shemeji, sikumtetea sana maana simjui, ila nikwambie nilichokiona. Unachati mpaka saa kumi alfajiri kwa sababu hulali mapema kwa sababu ya mpira wake, yeye anakuruka saa mbili asubuhi umelala, anaona mvivu, anamwambia mke wake, mke wake anakazana kuhesabu vitu ili maneno yasizidi, wewe unaona unahesabiwa, unaingia grupuni kulalamika mpaka saa kumi. Ni duara hilo. Mpira wake huwezi kuuzima, ila siku ambazo hakuna mechi unaweza kulala saa tano ukaamka kabla yake, godoro likawa nyuma ya kochi wakati anatoka kunawa. Fanya wiki moja tu uone.

Aliyefowadi muache. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo kweli tangu 2015, na hao wanaokutajia wanapenda ugomvi wa mtu mwingine. Utaenda kituoni kusema nini? Utaiweka ile voisi mezani kwa askari waisikilize, dada yako aitwe ushahidi, jambo la uzazi wake liandikwe kwenye faili? Na hata huyo unayemshuku huna uhakika naye. Huenda alituma kwa ubaya, huenda kuna mtu alisikia mwenzake wa Korogwe anatukanwa ikamuuma akaona aambiwe. Hutajua, na ukijua haitakusaidia chochote jikoni kwa dada.

Grupu usilefti. Nimeona watu wazima wengi wanaambia vijana watoke kwenye magrupu wakatafute kazi, kama vile kazi ziko nje ya mlango zinasubiri mtu azime data. Yule binti wa Muscat anayenong'ona chini ya shuka anawahitaji nyie pengine kuliko unavyowahitaji. Ila uelewe kilichotokea ile Jumanne maana kitatokea tena. Ulituma ya mayai, ikapata neno mojamoja, kwa sababu kulikuwa na mwenzako kafungiwa mlango. Ukarudi na nzito zaidi. Watu wakiwa wote wameumia na usiku ni mrefu, atakayesikilizwa ni mwenye kidonda kikubwa, na usipokuwa nacho unaweza kuchukua cha mtu mwingine ukakionyesha kama chako. Utasa si shida yako mwanangu, ni maumivu ya dada yako, uliyachukua bila ruhusa ukayanunulia pole. Najua hukupanga. Ndio maana nakwambia mapema, siku nyingine ukijikuta unarekodi voisi ya pili kwa sababu ya kwanza haikujibiwa, weka simu chini.

Kingine ni hesabu tu. Kumi wanajibu, 38 wanasikia. Hizo njia za WhatsApp za ujumbe kufutika baada ya saa 24 au siku saba, au ile voisi ya kusikiliza mara moja, zinapunguza, hazizuii, mtu akiwa na simu mbili anairekodi ya kwanza kwa ya pili. Yako mwenyewe, njaa yako, usaili wako, hofu yako, sema grupuni upendavyo, ni mali yako. Ya mtu mwingine aliyekuamini, uwe na mtu mmoja wa kumwambia kwa simu ya kupiga, na huyo mtu umeshanitajia bila kujua, ni yule wakala aliyekupigia. Katika watu 38 mmoja alitumia dakika zake. Shika huyo.

Na grupuni kwenyewe andika mara moja tu, kwa maandishi, maneno machache: nilimsema dada yangu vibaya, nilichosema kuhusu mtoto si kweli na hakikuwa changu kusema, aliye na ile voisi naomba aifute. Usimtaje mtu, usimlaumu mtu, usijibu atakayekuuliza zaidi. Kuna ambao hawataifuta. Lakini dada yako akijua uliandika hivyo mbele ya walewale uliomsema mbele yao, hilo litamfikia, kama lile lilivyomfikia.

La kazi nitaligusa tu, hukuniandikia kwa ajili hiyo. Zamani mwalimu alikuwa anapangiwa kituo moja kwa moja, siku hizi ni kuomba na kufanya usaili, na ule mchujo wa kuandika unajifunzika kama mtihani wowote, grupuni kwenu hukosi wawili watatu walioufanya, kaeni saa mbili za jioni mpeane maswali. Pili, kwenye mtaala mpya kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, wanafunzi wa sekondari wanalisoma kwa lazima na kwa Kiswahili. Historia na Kiswahili, mwanangu, hilo ni somo lako kabisa. Chamazi imejaa watoto wa sekondari. Anza na watoto watano wa jirani kwenye kibaraza, jioni, wazazi watoe kidogo walichonacho, hata ikitosha mayai tu. Na deni la bodi lisikukoseshe usingizi juu ya huo ulioukosa, ukiajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara, na ile asilimia 6 iliyokuwa inaongezeka kila mwaka ilifutwa 2021. Nenda ofisini kwao ukawaeleze hali yako, usikae kimya.

Ila kabla ya yote hayo ni dada. Usisubiri Jumamosi nyingine ipite. Leo usiku ukimaliza kula, ile sahani ioshe, uikaushe, uirudishe kabatini, na kawa uitundike mahali pake, asubuhi aamke akute meza iko wazi. Haitoshi kuwa msamaha na usiifanye iwe msamaha, ni kumpunguzia kazi tu. Kesho au keshokutwa ukae naye kwenye beseni la nguo useme.

Niandikie akishakujibu, hata kama ni kwa ukali. Na siku akikuita "dogo" tena, niandikie hiyo pia.

Anti